Kofia ya Gladys

Gladys nilimtengeneza mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki husema "maabara ilimfanyia vile yule binti," utadhani maabara ina mikono. Mikono ilikuwa hii yangu, Lorne Wickett, mzaliwa wa Kitchener, Ontario, fundi wa majokofu katika maabara ya Profesa Hollis Drummond kwa miaka kumi na tisa sasa.

Majokofu yenyewe si ya kuwekea nyama. Ni mapipa marefu yanayoning'inia kutoka darini, ndani yake sahani za shaba zilizopakwa dhahabu, moja chini ya nyingine, kila moja baridi kuliko iliyo juu yake, mpaka ile ya mwisho ambako imebaki kidogo tu baridi yenyewe ifike kikomo. Huko ndiko zinakoishi kyubiti. Biti ya kompyuta yako ya kawaida ni kama swichi ya taa, imewaka au imezima, na itakaa hivyo mpaka uiguse. Kyubiti, ambayo ndiyo biti ya kompyuta za kwanta, inaweza kuwa imewaka na imezima kwa wakati mmoja, na ujanja wake wote uko hapo. Tabu ni kwamba ina deko. Joto kidogo, kelele kidogo, doa moja kwenye chuma, basi imesahau kila kitu. Kazi yetu ni kupima inakaa muda gani kabla ya kusahau. Tunauita uhai wake, na tunauhesabu kwa maikro, yaani sekunde moja ukiigawa mara milioni. Zetu za kawaida ziliishi maikro mia mbili. Ikiishi mia tatu, watu wanakula keki.

Ukutani kuna ubao mweupe. Anayevunja rekodi huandikwa jina lake pale na namba yake pembeni. Nimewaona watu wazima wenye ndevu wakiupitia ubao ule kila asubuhi kama watu wanaopitia kaburi la ndugu.

Gladys alikuwa kisanduku cha bati, ukubwa wa mkate, kilichojua kujifanya kyubiti. Ukimwuliza kwa waya, anajibu kama kyubiti inavyojibu, na kwa kitufe cha kuzungusha kilicho mgongoni nilimpangia aishi muda nitakao. Ilikuwa desturi yetu. Mgeni akija, nachomoa waya zake kwenye jokofu na kumchomekea Gladys, nyuma ya kabati la mitambo. Mgeni anapima wiki nzima, anaona maajabu, anayaleta kwenye mkutano wa Jumatatu. Tunamsikiliza macho makavu. Tunamwuliza maswali ya maana. Halafu naingia na Gladys juu ya sinia, amevaa kofia nyekundu ya sufu yenye kibonge juu, aliyofuma marehemu mama yangu. Kicheko, donati, mgeni amekuwa mwenyeji. Grewal, mtafiti wetu mkubwa kutoka Brampton, alipofanyiwa yeye alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ni mchezo mzuri kwa mtu mwenye wiki za kupoteza.

Anneke Wiebe hakuwa nazo. Alikuja kwetu Septemba, akiwa mwaka wa nne wa masomo ya udaktari wa falsafa, baada ya profesa wake wa zamani kustaafu. Drummond alimrithi kama unavyorithi paka wa jirani aliyehama. Siku ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi, nafunga bomba, mlango wa ofisi uko wazi, nikawasikia.

"Sikiliza, Anneke," Drummond alimwambia. "Nakupa mpaka mwisho wa Aprili. Niletee kyubiti inayoishi maikro elfu moja. Ukiileta unabaki, unamaliza udaktari wako hapa. Usipoileta unachukua shahada ya uzamili, unarudi nyumbani. Hakuna ubaya wowote."

"Profesa, hapa hakuna aliyewahi kufika hata mia tano."

"Ndiyo maana nimekupa miezi minane."

Nyumbani kwao ni Winkler, Manitoba, shambani, watu wa kanisa la Wamenonaiti. Baba yake aliamini binti yake anatengeneza mafriza. Amekulia chini ya mashine za kuvunia ngano, spana anaishika kama sehemu ya mkono wake. Wiki hiyohiyo aliniletea chupa ya jemu ya mama yake, jemu ya matunda meusi ya porini yanayokunja ulimi.

"Mzee Lorne, hii yako," akasema. "Baba kasema fundi wa mafriza ndiye mtu wa kukaa naye vizuri. Maprofesa wanakuja na kwenda."

Nilimpenda. Wanafunzi wengine wa udaktari hunisalimia pale jokofu linapovuja tu. Huyu alikuja kuniuliza kwa nini skrubu fulani ni za shaba na si za chuma, na nikimweleza, alisikiliza. Na bado Novemba, theluji ya kwanza ilipoanguka, nilimchomekea Gladys nikazungusha kitufe hadi elfu moja na hamsini.

Grewal alichungulia juu ya bega langu. "Elfu na hamsini? We mzee una roho mbaya. Mwekee mia nne, inatosha."

"Mia nne atacheka nani?" nikamjibu.

Alipima siku sita. Siku ya tatu nilimwona anatembea kwenye korido akitabasamu peke yake. Jumatatu alisimama mbele yetu na michoro kumi na mbili, sauti inamtetemeka mwanzoni, halafu ikatulia. Drummond, ambaye alijua kila kitu, akamwuliza amepimaje kosa, na Anneke akajibu vizuri sana, vizuri kuliko alivyojibu mtu yeyote katika chumba kile kwa miaka. Hapo nikaingia na sinia.

Alimtazama Gladys. Aligusa kile kibonge cha kofia kwa kidole kimoja. Watu walikuwa wanapiga meza kwa vicheko.

"Kwa hiyo hii," akasema, "yote ni hii?"

"Karibu kwetu," Drummond akamwambia, akimsogezea donati.

"Nimeshampigia baba simu. Jana wametangaza kanisani."

Grewal akacheka zaidi, akidhani ni utani. Mimi nilijua si utani, na nikacheka vilevile, kwa kuwa sinia lilikuwa mkononi mwangu na sikujua pa kuuweka uso wangu. Anneke akakaa. Donati aliikata vipande vidogo vidogo, hakula hata kimoja.

Hakulia mbele yetu. Aliandika barua. Sijui aliandika nini, ila Januari ofisi ya kitivo ilituma mtu mwenye fomu, na fomu ikasema kile kifaa kiondolewe na desturi ikome. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimrekebisha Gladys kila majira ya joto, na sasa niliambiwa nimpeleke kwenye pipa la vifaa vibovu, nyuma ya jengo, katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nilimpeleka. Kofia nikaivua, nikaitundika kwenye msumari juu ya meza yangu. Niliporudi Anneke alikuwa amesimama mlangoni.

"Sikutaka wamtupe, Mzee Lorne. Nilitaka wasinifanyie tena."

"Umefanya vizuri," nikamwambia, kwa sauti ya kuwasikilizisha wengine. "Lakini umechelewa. Gladys alishazaa. Binti yake ni mdogo kuliko kiberiti, na haishi nje kwenye waya. Anaishi humo ndani, kwenye baridi, sahani ya chini kabisa. Fuata waya mpaka uzeeke, humwoni."

Watu wakacheka. Ilikuwa uongo mtupu, niliutunga nikiwa nimesimama pale na hasira kifuani. Kitu kama hicho sikuwahi kukitengeneza, wala sidhani ningeweza. Ila kila mtu alijua mikono yangu inaweza nini, na nikiongopa uso wangu hautikisiki. Anneke hakucheka. Toka siku ile hakuniita mzee tena. Aliniita Lorne.

Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alitengeneza vipande thelathini, kila kipande kidogo kama ukucha na kyubiti kadhaa juu yake, na kila kimoja kikatoa mia mbili, mia mbili na kumi, mia moja na themanini. Cha thelathini na moja alikiosha kwa njia yake mwenyewe, tindikali mara tatu, akikisubiri kikauke bila kukipuliza. Machi, Ijumaa, saa nane mchana, kyubiti ya tano kwenye kipande hicho ikaishi maikro elfu moja mia sita na arobaini.

Nilikuwa kwenye meza yangu, hatua tatu kutoka skrini yake, nakula mkate na soseji. Niliona mstari ukishuka polepole, polepole mno. Niliona na jambo lingine, ambalo yeye hakuweza kulijua. Mstari ulikuwa unapepesuka. Gladys alikuwa anakufa laini, kila mara laini, sikuwahi kuweza kumfundisha kutetemeka. Ule uliokuwa kwenye skrini ulitetemeka kama kitu kilicho hai. Soseji iliniganda mdomoni.

Anneke hakupiga kelele. Alisimama, akashika waya wa kwanza, akaufuata kwa vidole mpaka shingoni mwa jokofu. Akarudi akashika wa pili. Alizifuata zote kumi na nne. Grewal akapita na kahawa yake, akaona skrini, akasimama.

"Elfu moja mia sita," akasoma. "Oho. Mjukuu wa Lorne anatusalimia." Akaenda zake akicheka.

Ndipo Anneke akaja mezani kwangu. Kofia nyekundu ilikuwa inaning'inia baina yetu.

"Lorne, yule mdogo yumo ndani?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo. Yule binti wa Gladys. Ulimweka?"

Nilikuwa na neno moja la kusema. Nilikuwa nalo mdomoni pamoja na mkate. Lakini niliikumbuka ile fomu, nikamwona Gladys juu ya printa mbovu, theluji inamwangukia, na nikataka na huyu aonje kidogo. Kidogo tu, nusu saa, halafu ningemwambia. Ndivyo nilivyojidanganya.

"Wewe ndiye mwanasayansi," nikasema. "Mimi fundi wa mafriza."

"Nina wiki tano, Lorne. Kama yumo niambie, sitaandika barua, sitasema kitu kwa mtu. Kama hayumo pia niambie. Nakuomba."

"Mambo ya kuambiana kitivo kimeyapiga marufuku. Fungua uone."

Nieleze hapa kilichomo katika neno "fungua," maana sisi tunalijua na wewe huenda hulijui. Kufungua jokofu ni lazima kwanza ulipashe joto, siku moja na nusu. Na kyubiti ikipanda mpaka joto la chumba hairudi ileile. Madoa madogo ya ndani ya chuma hujipanga upya, yakipenda kukaa vizuri au vibaya, hayaulizwi. Alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Mtu mwenye kuiamini namba yake angeiacha kwenye baridi, angeipima wiki nzima, angeita kila mtu aje aone. Lakini mtu anayeamini kwamba ndani kuna kisanduku cha kumcheka hawezi kusimama tena Jumatatu na michoro kumi na mbili. Alikuwa na mchoro mmoja.

Alibonyeza kitufe cha kupasha saa kumi na dakika kumi. Pampu zikabadilisha mlio. Kwa karibu nusu saa bado ungeweza kubonyeza tena ukalirudisha, na nusu saa hiyo nilikuwapo. Niliosha kisanduku changu cha chakula. Nilikikausha. Nilikifunga, nikavaa koti, nikamwambia wikiendi njema.

Jumatatu asubuhi alikuwa ameshashusha vifuniko vyote vitano, peke yake. Nilimkuta amepiga magoti na tochi, anapapasa sahani ya chini kwa mikono mitupu, upande wa juu, upande wa chini, kila skrubu.

"Hamna kitu," akasema bila kugeuka.

"Hamna."

"Hakikuwahi kuwamo."

"Hapana. Sikuwahi kukitengeneza."

Akazima tochi. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane, naapa, ningempa na spana anipige nayo. Alikaa palepale sakafuni, mgongo kwenye nguzo ya jokofu, akitazama mikono yake, na midomo ikimchezacheza kama anayehesabu. Halafu akaanza kurudisha vifuniko kimoja kimoja, na kila skrubu aliikaza kwa kipimo chake.

Ilipopoa tena, ile ya tano iliishi mia mbili na kumi. Aliipasha na kuipoza mara mbili zaidi. Mia moja na tisini. Mia mbili na tano. Wiki tano zikaisha.

Jumatatu ya mwisho ya Aprili alisimama mbele yetu na ule mchoro mmoja. Alieleza kila kitu, jinsi alivyoosha, jinsi alivyopima, kwa nini alilipasha jokofu joto. Hakumtaja mtu. Alisema tu, "Nilishuku kuna kifaa cha kuigiza ndani, nikakagua, hakikuwepo."

Drummond alijiegemeza kwenye kiti. "Elfu moja mia sita na arobaini, mara moja, haijarudi tena. Katika maabara hii." Akanigeukia. "Lorne. Wewe tuambie. Kulikuwa na kisanduku?"

Nikasimama. Mikutano yote ile sijawahi kusimama bila sinia.

"Hakukuwa na kisanduku," nikasema. "Sina kingine, sijawahi kuwa nacho. Niliuona ule mstari kwa macho yangu siku ile. Ni wa kweli. Ni kyubiti bora kuliko zote zilizowahi kuishi humu ndani."

Kisha Grewal akapasuka kwa kicheko, na baada yake chumba kizima. Walicheka kuliko siku ya Gladys. Drummond alivua miwani akafuta macho.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "na uso bado haumtikisiki."

"Nasema kweli, Hollis."

"Na anaendelea! Lorne, mwache sasa, binti wa watu ameshachoka." Akavaa miwani. "Anneke, sheria ni ileile. Kilichoonekana mara moja hakijaonekana. Njoo ofisini tumalize karatasi za uzamili."

Nilipandisha sauti, nikaeleza habari ya mstari kupepesuka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoshika mbavu. Anneke peke yake alikuwa ananisikiliza. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza Septemba habari za skrubu, kwa makini, mpaka mwisho. Sasa alikuwa amelijua na lile alilokuwa halijui: kwamba Ijumaa ile, nikitafuna, nilijua.

Alikuja kuniaga Alhamisi, amevaa koti, begi mgongoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi.

"Mama anaulizia chupa yake," akasema. "Ile ya jemu. Huwa anazitumia tena."

Ilikuwa kwenye rafu, nimeijaza skrubu za shaba. Nikazimimina mezani, nyingine zikaanguka na kubingirika chini ya kabati. Nikaiosha chupa, nikaikausha kwa shati langu, nikampa. Akaiangalia kwenye mwanga kama ni safi, akaitia begini, akasema asante. Huko Winkler, nasikia, anatengeneza mashine za kuvunia pamoja na baba yake. Hajawahi kuniandikia, na sina haki ya kungoja.

Siku aliyoondoka, wote walipokwenda kula, nilichukua kalamu nikaenda kwenye ubao mweupe. Juu kabisa, juu ya jina la Grewal, nikaandika kwa herufi kubwa: Anneke Wiebe, 1,640. Mwandiko wangu wanaujua. Nilikaa mpaka jioni nikingoja mtu aniulize, nimweleze moja baada ya jingine, mpaka lile la kuosha kisanduku cha chakula.

Hakuuliza mtu. Asubuhi nilipofika, jina lilikuwapo, namba ilikuwapo, na juu ya namba mtu alikuwa amechora kofia ndogo nyekundu, yenye kibonge.